Tukarabati Kabla ya Kununua: Hotuba ya Mgeni Rasmi, Mahafali ya Useremala, Bashay

  

Hotuba niliyoandaliwa ni nzuri, na Mkuu wa Chuo nitamkabidhi aibandike ubaoni. Nimepita karakana, nimeona kazi za wahitimu, nami ninataka kusema jambo moja tu: ukarabati.

Lamu, pwani ya Kenya, kuna jahazi la mbao liitwalo Tusitiri. Ni la kale, urefu wake futi 65 hivi. Halikuachwa lioze ufukweni. Mafundi walilikarabati, likarudi majini, na leo linakodishwa. Wageni wanalala humo, wanapikiwa humo, linatweka tanga kati ya visiwa. Kwa chombo kimoja wanakula nahodha, mabaharia, mpishi, mshona tanga na seremala.

Bahari iko mbali na Bashay, lakini kazi yenyewe mnaijua. Fundi wa jahazi halivunji lote. Ubao uliooza anaung'oa peke yake, anachonga mwingine kwa tezo hadi ukae. Kabla ya kupigilia msumari anatoboa kwa keekee ili ubao usipasuke. Kisha anakalafati: pamba iliyolowekwa mafuta inashindiliwa kwenye kila mwanya, shibiri kwa shibiri. Ukirukwa mwanya mmoja, maji yanaingia. Na mataruma, zile mbavu za chombo, huchongwa kwenye matawi yaliyopinda yenyewe. Hapa kwetu tawi lililopinda linaishia jikoni!

Msiseme hayo ni ya Wakenya. Meli yetu ya Liemba, Ziwa Tanganyika, ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa 1916, ikaopolewa 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini.

Sasa niwaseme kidogo, mniwie radhi. Nimepita shule moja, sitaitaja. Nyuma ya darasa kuna rundo la madawati yananyeshewa. Nikageuza moja: miguu mizima, meza nzima, kilichokatika ni ubao mmoja wa kukalia. Na wazazi wa shule hiyo wanadaiwa mchango wa madawati mapya! Ndugu zangu, hiyo si haki kwa mzazi aliyeuza debe la mahindi. Si haki kwa misitu pia, maana kila dawati linalokarabatiwa ni mti unaobaki umesimama.

Wazazi, acheni kumwambia mtoto, "Ukifeli utakwenda useremala." Huku haji aliyeshindwa, anakuja anayetaka kushika kazi kwa mikono yake. Nanyi wahitimu, mteja akikupa kianzio, usizime simu. Harusi nyingine zimepita, maharusi wamekaa, kitanda bado ni mbao!

Niwapongeze walimu kwa dhati. Viungo vya meza nilizoziona vimeshikana barabara, huingizi hata ukucha. Vijana waliofundishwa hivyo wanaweza kusimama karakana yoyote nchini.

Ombi la chuo la mashine ya kuranda nimelisikia. Nitalifikisha kwa wahusika, na kadiri hali ya fedha itakavyoruhusu, tutalitazama. Suala la umeme wa karakana nalo liko mezani. Kwa upande wangu, sitawasahau.

Ninalowaomba leo halisubiri bajeti. Walimu wakuu mliopo hapa, kabla hamjaitisha mchango wa dawati jipya, waiteni vijana hawa wakague yaliyovunjika, na mkishakubaliana bei, walipeni siku hiyohiyo. Kazi yao ina thamani.

Kwa hayo machache, natamka kuwa mahafali haya yamefungwa rasmi.