Sokwe Mtoto na Wageni wa Tumboni Mwake
(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kariakoo, Dar es Salaam)



Katibu wetu aliponiandikia alitaka nieleze kazi yangu serikalini. Nilimjibu kwamba habari za mafaili hazijapata kumfanya mtu akae macho baada ya pilau. Nikaomba nizungumze juu ya jambo nililolipenda tangu Chuo Kikuu, ambalo nalifuatilia mpaka leo kila nipatapo wasaa: bakteria wanaoishi matumboni mwa sokwe na jamaa zake walio hatarini kutoweka, na jinsi bakteria hao wanavyobadilika kadiri mnyama anavyokua na kuzeeka. Katibu alicheka. Nanyi naona mnacheka. Vumilieni kidogo.

Wengi wetu tulifundishwa neno bakteria pamoja na kipindupindu, kwa hiyo tunalijua kwa ubaya wake tu. Lakini mtazameni mbega mwekundu wa Udzungwa, ambaye hapatikani popote duniani ila katika milima ile na bonde lililo chini yake. Chakula chake kikubwa ni majani. Tumbo lake lina vyumba, karibu kama lile la ng'ombe mnaloliona kwa wauza supu hapo nje, na ndani yake bakteria huyachachusha majani mpaka yampe nguvu. Waondoe bakteria hao, na mbega atakufa njaa huku ameshiba.

Swali ni hili: mtoto huwapata wapi?

Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika Hifadhi ya Taifa ya Kibale, Uganda. Wataalamu walichunguza bakteria wa sokwe 166, mdogo kabisa akiwa na miezi 8 na mkongwe miaka 67. Hawakumkamata hata mmoja. Kinyesi kilichoanguka chini kinatosha kueleza yote. Waliona kwamba bakteria hubadilika sana na umri, na kwamba watoto wa chini ya miaka 2 wako mbali kabisa na wakubwa wao. Baadhi ya bakteria wao ni wale wale walio katika matumbo ya watoto wetu wanaonyonya. Hapo hapana ajabu. Ajabu ni kwamba mtoto wa binadamu huanza na aina chache tu, ambazo huongezeka hata akakaribia hali ya mtu mzima kadiri ya umri wa miaka 3. Lakini mtoto wa sokwe alikutwa na aina nyingi kuliko wakubwa wake! Anaanza na umati, kisha unachujwa. Wataalamu wale wanaona kwamba jambo hilo linapatana na tofauti zilizopo kati yetu na sokwe katika chakula, maisha na kinga ya mwili.

Huko Gombe, ambako marehemu Jane Goodall alianza kazi mwaka 1960 na ambako leo tuna hifadhi ya taifa tangu mwaka 1968, lilionekana jambo jingine. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2016 yalionyesha kwamba wakati wa mvua, chakula kinapokuwa kingi na sokwe wakakusanyika pamoja, kila mmoja huwa na aina nyingi zaidi za bakteria kuliko wakati wa kiangazi wanapotawanyika. Tena mtoto hafanani na mama yake peke yake. Hupokea pia kwa wale anaocheza nao, wanaomchambua manyoya, wanaokula naye. Kwa maneno mengine, jumuiya nzima humlisha tumbo lake.

Niruhusuni kuchepuka kidogo kwa ajili ya wakubwa waliokaa mbele. Kule Amboseli, Kenya, wataalamu walikusanya sampuli zaidi ya 13,000 kutoka kwa nyani 479 kwa muda wa miaka 14, wakaona kwamba kwa kutazama bakteria peke yake mtu anaweza kukisia umri wa nyani. Nyani hao si wa kutoweka leo wala kesho, lakini liko jambo linalotuhusu sisi watumishi: wale wenye vyeo vikubwa katika kundi, bakteria wao walionyesha uzee kupita umri wao wa kweli. (Kicheko.) Msihofu, ndugu zangu, uzee huo wa tumboni haukuonekana kuwapunguzia siku za kuishi.

Sasa turudi Udzungwa, juu ya bonde la Kilombero linalotuletea mchele na sukari tunayonunua hapa Kariakoo. Mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa makundi 7 ya mbega wekundu katika misitu miwili, mmoja uliosalimika na mwingine ulioharibiwa na watu. Katika msitu uliosalimika, bakteria walikuwa wa aina nyingi zaidi. Sababu inayodhaniwa ni miti: miti ikipungua aina, majani hupungua aina, na bakteria nao hupungua. Uchunguzi ule ulihusu msitu, haukuhusu umri. Kuunganisha ninaunganisha mwenyewe: ikiwa mtoto hupokea bakteria kwa wenzake, na wenzake wamekwisha kupoteza baadhi, atapokea kwa nani? Mama hawezi kugawa asichokuwa nacho.

Sisi wa ofisini tunapenda hesabu ya vichwa. Taarifa ikisema mbega wangali wamo kadha wa kadha, tunaigonga muhuri na kuiweka kabatini. Maoni yangu ni kwamba hesabu hiyo haitoshi. Vichwa vinaweza kuwa vile vile kwa miaka kumi, na huku watoto wanakua na matumbo maskini kuliko ya bibi zao. Taarifa ingepasa pia kutuambia msitu una miti ya aina gani, na kama makundi bado yanaweza kukutana.

Liko jingine, nalo linaanzia huku kwetu mijini. Kule Kibale, mwaka 2007, ilitangazwa kwamba bakteria wa watu wanaofanya kazi ya utafiti na utalii karibu na sokwe walifanana na wa sokwe kuliko walivyofanana wale wa wanavijiji wa jirani. Na baadhi ya bakteria wa sokwe walikuwa sugu kwa dawa za hospitali. Sokwe hajapata kuingia duka la dawa! Sisi ndio tunaonunua vidonge viwili vitatu bila cheti, tukameza nusu na kuacha nusu. Yaelekea usugu huo ulitoka kwa watu ukatembea mpaka msituni.

Ndiyo maana wageni huko Gombe huambiwa wasiwakaribie sokwe, na mwenye mafua hukatazwa kwenda kabisa. Watoto wa chini ya miaka 15 pia hawaruhusiwi kuwafuata. Kwa hiyo ninyi wa Kidato cha Kwanza mliokuwa mkininong'oneza habari za safari ya Kigoma, itabidi mngoje kidogo. Wa Kidato cha Tatu waanze kuandika barua ya maombi.