MAONI BAADA YA HABARI: Njaa Husikilizwa, Neno Hunyamazishwa

Mwaka 1917 mabaharia wa Kronstadt, ngome ya bahari iliyo karibu na Petrograd, walikuwa nguzo ya mapinduzi ya Urusi. Machi 1921 ngome hiyo hiyo ilidai uchaguzi mpya wa mabaraza kwa kura ya siri, uhuru wa kusema kwa wafanyakazi na wakulima, na kufunguliwa kwa wafungwa wa vyama vya kisoshalisti. Jibu lilikuwa mizinga. Jeshi Jekundu lilivuka bahari iliyoganda barafu, na kufikia tarehe 18 Machi ngome ilikuwa imeanguka.

Mwezi ule ule chama tawala kilifanya mkutano wake mkuu wa 10. Kilikomesha unyang'anyi wa nafaka za wakulima, kikaweka kodi badala yake. Papo hapo kikapiga marufuku makundi ndani ya chama. Njaa ilisikilizwa, neno likanyamazishwa.

Somo hilo haliko mbali na ukingo wa Nile. Tarehe 23 Januari 1964, askari wa Uganda Rifles waliasi mjini Jinja, wakamzuia Waziri Felix Onama, wakitaka mishahara zaidi na maofisa Waafrika. Majeshi ya Uingereza yaliitwa, lakini mishahara ikapandishwa. Kweli, madai yao hayakuwa ya uhuru wa raia kama yale ya Kronstadt. Hata hivyo watawala wa pande zote mbili walifuata mizani moja: mwenye nguvu atulizwe, mpinzani afungwe kinywa. Desemba 1969 vyama vya upinzani vilipigwa marufuku Uganda. Tarehe 25 Januari 1971 jeshi lililobembelezwa likatwaa serikali yenyewe.

Mbale iliona matunda yake. Februari 1973 watu waliohukumiwa na mahakama ya kijeshi walipigwa risasi hadharani, akiwemo Tom Masaba, aliyewahi kuwa kapteni wa jeshi. Katika miaka iliyofuata silaha nyingi za Idi Amin zilitoka Urusi ya Kisovieti, lakini vifaru na ndege za MiG havikumwokoa. Aprili 1979 majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda walipoingia Jinja, raia waliwapokea kwa shangwe.

Moscow nako, Agosti 1991, kikosi maalumu cha Alpha kilikataa kulivamia jengo la bunge la Urusi lililozungukwa na raia. Mapinduzi ya viongozi wakongwe yakavunjika kwa siku 3, na Desemba mwaka huo dola ya Kisovieti ikaisha.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Mpinzani anayesema hadharani huitajia nchi ugonjwa wake kabla haujaua. Ndiyo maana Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 yataka jeshi lisilo la chama, lenye nidhamu, na lililo chini ya mamlaka ya kiraia. Askari na polisi wanaolinda kinywa cha raia hulinda pia kambi yao wenyewe.