BARUA ZETU ZIKAE SALAMA
(Maneno ya Katibu kwenye mkutano wa wanachama)

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wanachama,

Barua za kijiji kizima zinakuja kwa sanduku moja la posta la chama, kule mjini. Zikiletwa hapa zinaachwa mezani, kila apitaye anapekua. Mwaka huu kijana wetu mmoja aliitwa chuoni. Barua yake tuliikuta imechanwa, na siku za kuripoti zimekwisha. Jambo hili si la kucheka, jamani.

Basi tuache kunyoosheana vidole, tutengeneze sanduku. Fundi seremala tunaye. Lakini kufuli peke yake haitoshi:

1. Mdomo uwe mwembamba. Barua ipite, mkono usipite.
2. Ndani, chini ya mdomo, upigiliwe ubao wa mteremko, ili mwenye waya asizivue barua.
3. Bawaba zikae ndani. Zikiwa nje, mwizi anazifungua kwa bisibisi, kufuli inabaki inaning'inia bure.
4. Likazwe ukutani kwa bolti, nati ziwe ndani, lisibebwe zima-zima.
5. Juu lipigwe bati, mvua isiingie.

Anayetoka posta azitumbukize humo papo hapo. Kufuli ziwe mbili: ufunguo mmoja kwa Mwenyekiti, mwingine kwangu. Hata mimi Katibu nisiweze kufungua peke yangu. Tufungue Jumatano na Jumamosi, saa nne asubuhi, na kila mwenye barua atie sahihi daftarini.

Ndugu zangu, mbao zipo. Zimebaki bolti na kufuli. Anayekubali tuchange, anyooshe mkono.