Jumapili ya Matawi: Punda wa Kuazima



Asubuhi ya leo, kuanzia Bunju na Tegeta hadi Mbagala na Chamazi, waamini wameandamana na matawi mikononi wakimshangilia Bwana aingiapo Yerusalemu. Katika Injili ya maandamano, kama alivyoiandika Marko, yumo mmoja ambaye aghalabu tunampita bila kumtazama. Naye ni mwanapunda.

Bwana anawatuma wanafunzi wawili wakamfungue mwanapunda aliyefungwa mlangoni, kando ya njia. Anawapa pia jibu la kumwambia atakayewauliza: kwamba Bwana anamhitaji, na kwamba atamrudisha upesi. Tulishike neno hilo la kurudisha. Mwana wa Mungu, ambaye kwa yeye vitu vyote viliumbwa, anaingia mjini kwa mnyama wa kuazima. Na kabla hajampanda, anaahidi kumrudisha kwa mwenyewe. Nanyi mwajua adabu ya kuazima. Ukiazima jembe la jirani, hulirudishi likiwa limevunjika mpini. Ukiazima sufuria, huirudishi na masizi.

Sasa tujiulize: wanyama tulio nao ni wa nani? Mbuzi wa uani, kuku wa bandani, ng'ombe wa maziwa anayekatiwa majani kila siku, je, si mali ya Mungu aliyotuazima? Lakini sisi tuna msemo wetu: punda afe, mzigo ufike. Tunausema kwa kucheka. Hata hivyo, yatazameni malori yaletayo ng'ombe mnada wa Pugu kutoka mikoa ya mbali, na baiskeli zipitazo barabara zetu zikiwa na kuku walioning'inizwa vichwa chini katika jua la saa sita. Hapo mtaona kwamba msemo ule umekuwa kwetu kanuni ya maisha.

Sisemi haya kama mtu asiye na hatia. Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia moja niliyohudumu upande wa Temeke, jumuiya ndogo ndogo moja ilitoa mbuzi wakati wa vipaji. Walikuwa wamechanga kwa muda mrefu, na walimleta mbele ya altare kwa nyimbo na vigelegele. Nilimpokea, nikambariki, akapelekwa nyuma ya nyumba ya mapadre na kufungwa kwenye mti. Nikaendelea na Misa iliyofuata. Kisha pakawa na ubatizo, kisha kikao. Kamba ilikuwa fupi, naye alikuwa ameuzunguka mti mpaka ikamkaba upande wa jua, bila maji. Saa tisa alasiri mtoto mmoja wa Utoto Mtakatifu alikuja kuniita, mkononi ana kopo la maji. Mbuzi alikuwa amelala, hanywi tena. Mtoto yule akaniuliza, "Baba, huyu si ndiye tuliyempa Yesu?"

Sikuwa na jibu. Mbuzi alikufa kabla ya jua kuchwa. Kuchinjwa kwake kungekuwa jambo la kawaida. Sisi hula nyama, wala Kanisa halikatazi. Lakini alikufa kwa kusahauliwa, na aliyemsahau ni mimi niliyekuwa nimetoka kumshukuru Mungu kwa ajili yake.

Baadaye nilipata nafasi ya kufika Lamu, pwani ya Kenya. Katika mji ule wa kale vichochoro ni vyembamba hata gari haliwezi kupita. Punda ndiye mchukuzi wa mchanga, mawe na saruji. Mwaka 1969 mama mmoja wa Uingereza, Elisabeth Svendsen, alianzisha nchini mwake shirika la kuwahifadhi punda, na mwaka 1987 shirika hilo lilifungua kituo Lamu kwa ajili ya kuwatibu punda wagonjwa bila malipo. Nilikwenda kukitazama. Nilimkuta mzee mmoja, Mwislamu mcha Mungu, amemleta punda wake mwenye kidonda kibichi mgongoni. Mhudumu alikisafisha kile kidonda taratibu, kisha akamwonyesha mzee jinsi ya kutandika gunia laini chini ya shogi ili mzigo usichubue. Hakumgombeza. Nilipomsalimu yule mzee, aliniambia, "Padre, huyu akilala chini, kwangu chungu hakipandi jikoni."

Kwa maneno hayo alinijibia swali ambalo wengi wenu mnalo sasa hivi. Mnasema: "Baba, watoto wetu wanakosa sare na dawa, nawe watuhubiria habari za punda?" Swali ni la haki, na Kanisa halilikwepi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha kwamba mwanadamu anaruhusiwa kuwatumia wanyama kwa chakula na mavazi, lakini kuwatesa au kuwaua bila sababu ni kinyume cha hadhi ya mwanadamu mwenyewe. Papo hapo yaonya tusiwatumie wanyama fedha ambazo kwanza zilipaswa kuondoa shida za watu. Mambo hayo mawili yashikwe pamoja. Hakuna anayewaomba muichukue ada ya yatima mkamnunulie mbuzi dawa. Lakini kamba ndefu zaidi, kivuli na ndoo ya maji vingenigharimu nini mimi siku ile?

Tena, aghalabu anayemwonea mnyama humwonea maskini pia. Katika miaka ya karibuni ngozi za punda zilitafutwa sana kwa ajili ya dawa inayotengenezwa China, na katika nchi mbalimbali za Afrika punda wakaibwa na kuchinjwa. Aliyeumia ni nani? Ni mama aliyekuwa akiteka maji kwa punda, ambaye sasa alirudi kubeba ndoo kichwani. Ndiyo maana Desemba 2022 wajumbe kutoka nchi za Afrika walikutana hapa hapa Dar es Salaam kuzungumza juu ya punda, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha biashara hiyo ya ngozi. Wakubwa wa dunia walikaa kikao kwa ajili ya mnyama ambaye sisi twamfanya tusi.

Basi tufanye nini? Kwanza, twende tukaone. Ninyi makatekista, wapelekeni watoto wa Utoto Mtakatifu na wa Kipaimara mahali ambapo wanyama wagonjwa au waliotupwa wanatunzwa. Kama hapo mlipo hakuna, mwombeni afisa mifugo wa kata awapeleke kwa mfugaji mwema. Mtoto aliyeshika kopo la maji hujifunza rehema kuliko aliyeikariri tu.

Pili, tuwasaidie wenye kazi hiyo. Tuulize kwanza wanahitaji nini, kisha tupeleke kadiri ya uwezo: pumba, mzigo wa majani, au siku moja ya kusafisha mabanda. Jumuiya ikipanga hivyo mara moja kwa mwaka, haitafukarika.

Tatu, tuanzie nyumbani na parokiani. Mnyama atolewaye kama kipaji awekewe kivuli na maji kabla hata Misa haijaisha. Kuku abebwe katika tenga. Nchi yetu inayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008. Lakini Mkristo asingoje polisi. Torati ilikwisha kuagiza kwamba hata punda wa adui yako, ukimkuta ameanguka chini ya mzigo, sharti umsaidie kuinuka. Na pumziko la Sabato lilikuwa la ng'ombe na punda pia.

Wapendwa, watu husema shukrani ya punda ni mateke. Lakini katika Juma Kuu hili, mwanapunda alimbeba Bwana hadi mjini bila kumwangusha. Waliomrudishia Bwana mateke ni watu aliowaponya na kuwalisha. Tukimtazama Msalabani siku ya Ijumaa Kuu, tumwombe atusamehe ukatili wetu wote, mkubwa na mdogo, hata ule tuliotenda kwa kusahau. Na siku atakapotudai alivyotuazima, atukute tukivirudisha vikiwa vizima.

Mungu awabariki ninyi, jamaa zenu, na vyote vilivyo chini ya mikono yenu, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Amina.