Gitaa la Zamani: Kabla Hujagusa Nyuzi



Huenda nyumbani kwenu, au stoo ya shule, kuna gitaa la umeme ambalo halijapigwa miaka mingi. Nyuzi zimeliwa na kutu, na ukilichomeka linakwaruza tu. Usilitupe, wala usikimbilie kulipaka rangi. Mara nyingi gitaa la namna hiyo linaweza kulia tena. Ila tuanze na kitu kisichoonekana: umeme.

Gitaa lenyewe halina hatari. Chini ya nyuzi kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu. Uzi ukitikisika, unazalisha umeme kidogo mno. Hatari iko kwenye amplifaya. Nyuzi zako zimeungwa kwa waya hadi kwenye bodi ya chuma ya amplifaya. Sasa kama amplifaya ni kuukuu, haina ethi, na umeme unavuja ndani, nyuzi zote sita zina moto! Mkono mmoja uko kwenye nyuzi, mwingine unashika maikrofoni, umeme unapita kifuani, kwenye moyo. Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alifariki kwa umeme jukwaani Swansea, Wales, Mei 1972, aliposhika maikrofoni. Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa The Yardbirds, alifia nyumbani kwake Mei 1976 akipiga gitaa.

Kwa hiyo fundi umeme aikague amplifaya kwanza: plagi ya pini tatu, waya wa ethi uliofika kweli, fyuzi ya saizi yake. Wewe usiifungue. Zile za vali zinaweza kubaki na mamia ya volti hata baada ya kuchomolewa. Na yule jamaa anayesema "mbona siku zote tunaitumia hivyo hivyo", mwache aseme.

Haya, gitaa sasa. Toa nyuzi za zamani, pangusa shingo kwa kitambaa kikavu. Vyuma vidogo vya shingoni visugue kwa stilwulu laini, lakini ziba sumaku kwa karatasi ya gundi kwanza, maana chembe za chuma hunasa humo. Vitufe vya sauti vikikwaruza, mara nyingi ni uchafu tu. Dawa ya kusafishia swichi za redio inatosha. Sauti ikikatika-katika, angalia tundu la kuchomekea: pengine waya umeachia. Kuuunga kunahitaji waya wa kulehemia, na wengi wake una madini ya risasi, ambayo ni sumu. Fungua madirisha, usiushike kwa meno, nawa kwa sabuni kabla ya kula.

Ukishafunga nyuzi mpya, piga uzi ukiwa wazi, kisha ubonyeze kwenye chuma cha 12, katikati ya uzi. Sauti iwe ileile, ila oktava moja juu. Ikizidi, sogeza kitako cha uzi nyuma kidogo, mbali na shingo. Ikipungua, kirudishe mbele. Rudia kwa kila uzi. Usishangae jioni nzima ikiisha.