Sauti Laini ya Nat King Cole Haikuja Bure

 

Majuma mawili yaliyopita nilifungua kipindi hiki kwa wimbo wa Nat King Cole. Hazikupita siku tatu, barua ikanifikia. Aliyeandika ni kijana, na ameandika kwa adabu zote. Kwanza ameniamkia, kisha akauliza: "Mzee wangu, huyu bwana alikuwa mtu mweusi katika Marekani ya ubaguzi. Mbona anaimba kama mtu aliyeshiba akalala mchana? Uchungu wake uko wapi?"

Sikukasirika. Nilicheka peke yangu, kwa sababu swali hilo nimewahi kuliuliza mimi, tena kwa ukali zaidi. Niliyemuuliza ni marehemu baba yangu.

Baba alikuwa na gramafoni moja na santuri zisizofika ishirini, alizozipanga juu ya kabati mahali ambapo mikono ya watoto haifiki. Jumapili baada ya chakula cha mchana aliteremsha moja, akaifuta vumbi kwa kitambaa laini, akaiweka. Mara nyingi ilikuwa ile iitwayo *Love Is the Thing*. Nilipofika umri wa kujiona nimeerevuka nikamwambia kwamba hayo ni mapambo ya sebule za Wazungu, na huyo mwimbaji ni mtu aliyesahau kwao. Baba hakunijibu. Alingoja upande wa kwanza uishe, akainuka, akaigeuza santuri, akaketi tena. Mimi nikadhani amekosa la kusema.

Basi leo namjibu kijana wa barua, na papo hapo najijibu mimi mwenyewe, ingawa nimechelewa.

Nathaniel Adams Coles alizaliwa tarehe 17 Machi 1919 mjini Montgomery, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Alipokuwa mdogo wazazi wake walihamia Chicago. Baba alikuwa mchungaji wa Kibaptisti, na mama alipiga kinanda kanisani. Mama huyo ndiye aliyemfundisha piano. Natilia mkazo jambo hili, kwa kuwa wengi wanamjua Cole kama mwimbaji tu, kumbe mwanzo alikuwa mpiga piano, tena wa daraja la juu. Mwaka 1937, kule Los Angeles, aliunda kundi la watu watatu: piano, gita na besi. Ngoma hazikuwamo. Mdundo wote wa swingi, ule unaomfanya mtu agonge mguu chini bila kukusudia, uliletwa na vidole vyao tu.

Tuseme kidogo habari za santuri zenyewe, maana vijana wa leo huokota wimbo mmoja mmoja kwenye simu na hawajui tulikotoka. Zamani santuri ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba wimbo wa dakika tatu hivi. Albamu ilikuwa kitabu kweli: jalada gumu lenye mifuko ndani, kila mfuko na santuri yake, kama albamu ya picha za harusi. Gazeti la Billboard, linalofuatilia biashara ya muziki, lilipoanza kuchapisha orodha ya albamu zinazouzwa zaidi mwezi Machi 1945, ya kwanza kabisa kushika nafasi ya kwanza ilikuwa *The King Cole Trio*. Watu watatu weusi, bila ngoma, ndio waliofungua orodha hiyo.

Mwaka 1948 ikatokea santuri ndefu, ya mizunguko 33 na theluthi, yenye dakika ishirini na zaidi kila upande. Hapo kazi ya mwimbaji ikabadilika. Zamani alikupa wimbo akaondoka. Sasa aliweza kukuketisha zaidi ya nusu saa katika hali moja ya moyo, kama mwenyeji anayekupokea, akakupa kiti, akakuandikia chakula, akakusindikiza. Ndiyo maana nasema Cole hapimwi kwa wimbo mmoja. Apimwe kwa albamu, tena ukiwa na kalenda mkononi.

Mwaka huo huo wa 1948, baada ya wimbo wake *Nature Boy* kushika nafasi ya kwanza nchini mwao, alinunua nyumba katika mtaa wa Hancock Park, Los Angeles. Mtaa ulikuwa wa Wazungu watupu, wenye nyumba wakiwa wamewekeana mikataba ya kutomuuzia mtu mweusi. Majirani wakakutana, wakamwambia kwamba hawataki watu wasiofaa wahamie pale. Cole akawajibu kwamba hata yeye hawataki, na akimwona mmoja anaingia atakuwa wa kwanza kulalamika. Kijana, hebu lisikilize jibu hilo tena. Halina tusi hata moja, na waliolengwa walijijua. Hiyo ndiyo sauti unayoisikia kwenye santuri.

Sasa chukua kalamu tuandike tarehe za mwaka mmoja tu, 1956.

Aprili 1956 kampuni yake ya santuri, Capitol, ilifungua makao mapya Hollywood, jengo la mviringo la ghorofa kumi na tatu. Watu wakaliita nyumba iliyojengwa na Nat, kwa jinsi mauzo yake yalivyokuwa yameiinua kampuni hiyo. Mwezi huo huo, tarehe 10, Cole alikuwa jukwaani Birmingham, katika Alabama ile ile alikozaliwa, mbele ya ukumbi uliojaa Wazungu. Wimbo wa tatu ulikuwa unaendelea wakati wanaume kadhaa waliporukia jukwaani, wakamvamia, wakamwangusha kutoka kwenye kiti cha piano. Waliofanya hivyo walikuwa wafuasi wa vyama vya kupigania ubaguzi. Polisi waliwakamata. Cole aliumia mgongo. Alirudi jukwaani watu wakampigia makofi kwa muda mrefu, lakini hakuweza kuendelea. Hata hivyo, usiku ule ule alipiga onyesho la pili, lile lililotengwa kwa ajili ya watu weusi.

Hapa sitaki kumfanya malaika. Kijana, swali lako lilikuwa pia swali la watu wake. Wakati ule, mjini Montgomery, watu weusi walikuwa wanakwenda kazini kwa miguu tangu Desemba 1955, wamegoma kupanda mabasi yanayowabagua. Na mtoto wa Montgomery yuko Birmingham anawaimbia Wazungu peke yao! Magazeti ya watu weusi yalimshambulia, na ziko baa za Harlem, New York, zilizoondoa santuri zake kwenye mashine za muziki. Naona walikuwa na haki ya kumwuliza. Muda mfupi baadaye alilipa ada ya kuwa mwanachama wa maisha wa NAACP, chama kilichokuwa kinapigania haki za watu weusi mahakamani. Lawama iliingia, akaisikia.

Je, mtu aliyepigwa na wageni na kulaumiwa na wenyewe, akiingia studio atarekodi nini? Mimi ningerekodi kelele. Yeye, mwezi Agosti na Septemba wa mwaka huo huo, alirudi kwenye piano. Akawaita wenzake wa gita, besi na ngoma, kisha kila kikao akamkaribisha mgeni mmoja: Harry "Sweets" Edison na tarumbeta, Willie Smith na saksafoni, Juan Tizol na tromboni, Stuff Smith na fidla. Matunda yake ni albamu iitwayo *After Midnight*, iliyotoka mwaka 1957. Ukitaka kumjua Cole, anzia hapo. Msikie anavyompisha Edison ajibu, anavyotia sauti mbili tatu za piano katikati ya maneno ya huyo tarumbeta, kama mtu anayeitikia "naam, naam" barazani. Hakuna anayemkata mwenzake kauli. Muziki unatembea bila haraka, na hauanguki hata mara moja. Mwezi Aprili alisukumwa kutoka kwenye kiti cha piano, na mwezi Agosti alikuwa amekikalia tena. Kama hiyo si kauli, basi kauli sijui ni nini.

Novemba 5 akaanza kipindi chake cha televisheni katika shirika la NBC. Kilidumu hadi Desemba 1957 kikafa, si kwa kukosa watazamaji, bali kwa kukosa tangazo. Hakukuwa na kampuni kubwa iliyokubali kukidhamini nchi nzima, kwa hofu ya kususiwa na wateja wa kusini. Ella Fitzgerald, Harry Belafonte, Peggy Lee na wengine walikwenda kumsaidia kwa malipo ya chini kabisa. Cole alisema kwamba Madison Avenue, mtaa wa wafanya matangazo, unaogopa giza. Tena ni lile lile: hakupandisha sauti.

Na Desemba 1956, wakati kipindi hicho kikitafuta mdhamini na kukosa, alirekodi ile santuri ya baba, *Love Is the Thing*. Hapa piano ameiacha. Amesimama mbele ya kundi kubwa la fidla lililopangwa na Gordon Jenkins, nyimbo kumi na mbili, zote za mapenzi na zote za taratibu. Wimbo wa taratibu ni mtihani mgumu kuliko wa haraka. Katika wa haraka mdundo utakubeba hata ukiteleza, ila katika wa taratibu huna pa kujificha. Yeye anatamka kila neno likamilike, herufi ya mwisho nayo ipate haki yake, kama mwana wa mchungaji aliyefundishwa kwamba neno likisemwa lisikike hadi benchi la nyuma. Msikilize katika *Stardust*, anavyoingia na ule ubeti wa mwanzo ambao waimbaji wengi huuruka. Hana pumzi ya kugombana na mtu. Santuri ile ilikaa nafasi ya kwanza Marekani kwa majuma manane. Iliingia katika nyumba ambazo mwenyewe asingekaribishwa hata kupitia mlango wa nyuma.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mimi kwa ujana wangu niliona chombo kinaelea, nikadhani bahari ni shwari.

Ziko albamu nyingine nisizoweza kuzimaliza leo. Mwaka 1958 alitoa *Cole Español*, sehemu yake ikiwa imerekodiwa Havana. Hakujua Kihispania. Alifundishwa matamshi neno kwa neno, na ugeni wake unasikika. Lakini sisi tuliocheza nyimbo za Kilingala miaka nenda miaka rudi bila kujua maana ya neno moja, hatuna haki ya kumcheka. Amerika ya Kusini walimpenda mno kwa santuri ile, naye akarudia tena na tena. Mtu aliyefungiwa mlango wa jirani alikwenda kubisha hodi kwa watu wa mbali, kwa lugha yao.

Mwisho wake unasikitisha. Alivuta sigara mno, na walioandika habari zake wanasema aliamini moshi ndio unaoipa sauti yake uzito. Desemba 1964, akiwa tayari na saratani ya mapafu, alimaliza kurekodi albamu ya *L-O-V-E*. Ukiisikiliza leo utadhani ni mtu anayejiandaa kwenda harusini. Alifariki tarehe 15 Februari 1965, akiwa na miaka 45 tu. Binti yake Natalie alikuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 15. Mwaka 1991 Natalie aliichukua sauti ya baba yake kutoka kwenye kanda ya zamani ya *Unforgettable*, akaimba naye, dunia ikawasikia wawili pamoja. Natalie naye aliondoka siku ya mwisho ya mwaka 2015.

Kijana wangu, hukukosea kuuliza uchungu uko wapi. Ulikosea mahali pa kuutafuta. Wako waimbaji wanaokuonyesha kidonda, na wana haki yao. Wako wengine wanaokataa kuwapa waliowajeruhi hata ile raha ya kusikia kilio. Kimya kingi, unajua mwenyewe, kina mshindo mkuu.

Nakuomba ufanye jambo moja. Tafuta *After Midnight*, kisha *Love Is the Thing*. Usiruke wimbo. Sikiliza upande wa kwanza wote, pumzika kidogo, halafu sikiliza wa pili. Ikumbuke Aprili 1956 unapokuwa unasikiliza. Kisha niandikie tena, hata kama ni kwa kunipinga.

Ile gramafoni ya baba haifanyi kazi siku nyingi, lakini santuri ninayo. Upande wa pili ndio uliochakaa zaidi.