Lango la Upande wa Uwanja

Hotuba ya mgeni mwalikwa katika sherehe za maadhimisho ya hekalu



Mlinialika niseme machache kuhusu michezo na vijana katika mji wenye watu wa makabila na dini nyingi. Ningeweza kusema kwamba michezo huunganisha watu, mkapiga makofi, tukaenda kula. Lakini jambo hilo si kweli wakati wote. Uwanja unaweza kuunganisha watu, na unaweza pia kuwatenga kwa miaka hamsini bila mtu yeyote kunyanyua sauti. Historia ya nchi yetu ya Kenya ina mifano ya namna zote mbili.

Tuanze na majina ya klabu. Katika Nairobi ya ukoloni, mtu aliyetaka kucheza kriketi au mpira wa magongo alikwenda kwa watu wake. Masingasinga walikuwa na Sikh Union, Wagoa walikuwa na jimkhana yao, Waislamu walikuwa na Sir Ali Muslim Club, Waismaili walikuwa na klabu ya Aga Khan. Wazungu nao walikuwa na klabu zao, ambako Mhindi hakukaribishwa hata awe tajiri kiasi gani. Sisemi haya kwa kuwalaumu wazee. Aliyefungiwa mlango hujijengea nyumba, na nyumba hizo zililea vijana wengi kwa nidhamu. Lakini katika takriban viwanja hivyo vyote, Mwafrika alikuwa mkata nyasi, mpishi au mlinzi wa usiku.

Mpira wa magongo ulitupa fahari kubwa katika mpango huo. Timu ya Kenya ilikwenda Olimpiki kwa mara ya kwanza huko Melbourne mwaka 1956. Mwaka 1964 huko Tokyo ilishika nafasi ya sita, na katika Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona mwaka 1971, ikawa ya nne duniani. Avtar Singh Sohal alicheza Olimpiki nne mfululizo, kuanzia 1960 hadi 1972. Wachezaji wa timu hizo walikuwa karibu wote Masingasinga na Wagoa. Kisha, kuanzia mwaka 1967, sheria mpya za uhamiaji na za leseni za biashara zikaanza kuwabana wasio raia, na familia nyingi zikafungasha kwenda Uingereza na Kanada. Walioondoka waliondoka na ujuzi wao, na nyuma yao hawakuwapo vijana wa kutosha waliokwisha kufundishwa. Viwanja vya nyasi bandia, ambavyo hatukuwa na fedha za kuvijenga, vilizidisha tatizo. Mara ya mwisho timu ya wanaume kucheza Olimpiki ilikuwa mwaka 1988.

Kriketi ilichukua njia nyingine, na hapa naomba tukae kidogo.

Watoto walioishi jirani na viwanja vya klabu waliokota mipira iliyoruka ua. Baadaye waliruhusiwa kuirusha wakati wa mazoezi. Sidhani kwamba ulikuwa ukarimu mtupu: mpigaji yeyote wa kriketi hupenda kupiga jioni nzima, na hakuna apendaye kumrushia. Mtoto wa jirani alikuwa mkono wa bure. Lakini aliyerusha mpira kila jioni kwa miaka mitatu akajua kurusha kuliko wenye klabu, na siku moja mwenye klabu, akitaka kushinda Jumapili, akamwandika katika timu. Nyuma ya kijana huyo wakaja ndugu zake. Ndiyo maana kriketi ya Kenya imejaa majina ya familia: akina Tikolo, akina Odumbe, akina Suji, akina Obuya. Akina Ngoche peke yao wamechezea taifa ndugu wanne.

Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune nchini India, Kenya ilikutana na West Indies katika Kombe la Dunia. Wasikilizeni kumi na mmoja wale: Dipak Chudasama, ambaye kazi yake ilikuwa udaktari wa meno, Tariq Iqbal, Kennedy Otieno, Steve Tikolo, nahodha Maurice Odumbe, Hitesh Modi, Martin Suji, Thomas Odoyo, Edward Odumbe, Asif Karim na Rajab Ali. Ukitaka kuyapanga majina hayo kwa dini na kabila utaweza, lakini utakuwa umejichosha bure. Walipata mikimbio 166 tu. Tikolo alikuwa na 29, Modi 26. Mchango mkubwa kuliko wote ulikuwa mikimbio 37 ya bure waliyozawadiwa na makosa ya wapinzani! Kisha akaja Brian Lara, aliyekuwa ameweka rekodi za dunia miaka miwili tu kabla ya hapo. Rajab Ali akarusha, mpira ukagusa gongo la Lara, Tariq Iqbal akaudaka. Lara alitoka na mikimbio minane. West Indies wote wakaondolewa kwa 93, na Odumbe peke yake akachukua wiketi tatu.

Mwaka 2003 timu iliyoongozwa na Tikolo ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia, na Asif Karim, mwenye umri wa miaka 39 na aliyekuwa amekwisha kustaafu, akarudi kuwatoa Waaustralia watatu huku akiwaachia mikimbio saba tu. Miaka kumi na mmoja baadaye, mwaka 2014, Kenya ilipoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Migogoro ya viongozi inajulikana na siwezi kuimaliza leo. Ila kwa maoni yangu lipo na hili: njia waliyoingilia wale vijana ilibaki kuwa tundu la ua. Haikufanywa kuwa lango. Klabu nyingi zilimpa kijana wa jirani jezi, lakini hazikumpa uanachama. Alicheza Jumapili, na siku ya mkutano mkuu alisimama nje. Klabu ilipobadili mawazo, au uwanja ulipouzwa, hakuwa na kura wala neno.

Nimesema ya taifa ili nifike hapa nyumbani. Nyuma ya ukumbi huu mna uwanja. Vijana wa hekalu huchezea humo jioni, na ng'ambo ya ukuta vijana wetu huchezea barabarani, wakikimbia kila pikipiki inapopita. Mpira ukivuka kutoka upande wowote hurudishwa kwa kurushwa juu ya ukuta, na aliyeurusha haonekani uso. Wengi humu mnaikumbuka Agosti 1982, maduka yalipovunjwa, na mnaikumbuka Januari 2008. Katika siku kama hizo mtu humtazama jirani yake na kujiuliza kama anamjua hata jina.

Najua hofu zilizopo, kwa sababu nimeambiwa pande zote mbili, kwa sauti ya chini. Upande huu mnahofia wizi. Upande wetu kuna wazazi wanaohofia kwamba mtoto ataingia hapa Mkristo au Mwislamu na kutoka akiwa ameacha dini. Na pande zote mbili kuna hofu ambayo hakuna anayeitaja jukwaani: kwamba binti na kijana watazoeana, halafu yatazuka mambo ya ndoa. Sitawadanganya kwamba haliwezekani. Nasema tu kwamba vijana hao hao wanakutana katika vyuo na maofisini bila sisi kuwapo, na ni heri wakutane mahali ambapo bibi ameketi kwenye benchi akiwatazama.

Ninachoomba ni jambo dogo lenye masharti. Lango la uwanja, lile la chuma upande wa barabara, lifunguliwe. Vijana wanaoingia waandikwe kuwa wanachama wa klabu, kwa ada ambayo mzazi anayeuza mboga anaweza kuilipa, na wawe na wawakilishi katika kamati ya michezo. Pasiwe na timu ya hekalu kucheza na timu ya majirani. Hilo litatuletea vita vya kila Jumamosi. Timu zichanganywe, na wasichana wawe na saa zao zisizoporwa na wavulana, maana nimeona saa za wasichana zinavyoyeyuka mechi ya wavulana ikichelewa. Sisi majirani tutaheshimu kwamba hapa haiingii nyama wala pombe, na viatu vinavuliwa panapostahili. Na kwa kuwa jiko la hekalu hupika kila wiki, mchezo ukiisha vijana wote wakae chini wale kichri pamoja, na waoshe sahani pamoja. Ninyi mna neno seva kwa kazi ya namna hiyo. Mwenye kuosha sahani haulizwi ametoka wapi.

Mzee mmoja wa hapa aliniuliza nani atalipia magongo yakivunjika. Swali zuri. Chama cha wazazi wa upande wetu kimekubali kuchangia nusu, na mafundi wawili wa mbao wa mtaani wamejitolea kuyatengeneza yale yanayotengenezeka.

Kamati yenu itakutana mwezi ujao na ombi hili limeandikwa, liko mezani kwa Katibu. Katika kungoja uamuzi huo, Mwenyekiti ameniruhusu niwalete vijana kumi na wawili Jumamosi hii, saa tisa na nusu alasiri, kwa majaribio. Naomba mlinzi wa lango ajulishwe, kwa kuwa ufunguo anao yeye.